Ndizi, Asali na Moto wa Jioni: Siku Nne Biharamulo na Ngara

Nikikuambia kwamba mwanamke mzima mwenye shahada yake anaweza kukosa usingizi kwa sababu ya ndizi, utabisha. Mimi nilikosa. Nilikuwa ndani ya hema, nje fisi wanalia, na kichwani nawaza kwa nini mtoto amekataa kula ndizi yangu.

Tuanze na ukweli, msomaji. Safari hii haikuwa ya kupumzika. Mume wangu ana binti wa miaka 9 aliyempata kabla hatujakutana. Alikuwa akiishi na mama yake mkoa mwingine, na tangu Januari yuko nasi Dar. Ni mtoto mwenye adabu mno, na hapo ndipo penye kasheshe. Ananiamkia, anasaidia kuosha vyombo, lakini haniiti. Si mama, si anti, si jina langu. Akitaka kitu anaanza na "samahani". "Samahani, sukari imeisha." "Samahani, kuna mtu getini." Miezi mitano nimeishi nyumbani kwangu kwa jina la Samahani.

Mdogo wake, wa kwangu, ana miaka 5 na anampenda dada yake kupita kiasi. Kwa hiyo tatizo lilikuwa mimi na yeye tu. Baba watoto akasema likizo ya Juni twende kwao Ngara, watoto wakamwone bibi, na njiani tupige kambi mahali. Nikaona hapo hapo: moto, nyota, vitu vitamu. Mtoto gani atanuna mbele ya vitu vitamu? Nikaenda supamaketi nikajaza kapu: chokoleti, biskuti, karatasi ya aluminiamu, na zile peremende laini nyeupe kama pamba ambazo Wazungu kwenye sinema wanazichoma kwa kijiti. Bei yake sikumwambia mtu.

Tuliruka mpaka Mwanza, tukaazima gari la shemeji. Zamani ukifika Kigongo ulikuwa unakaa foleni ya kivuko huku unakula mahindi ya kuchoma. Tangu Juni 2025 unapita juu ya daraja, kilomita 3 za maji chini yako, na umeshafika upande wa Sengerema kabla mtoto hajamaliza kuuliza kama kuna mamba. Kisha Geita, Bwanga, na jioni Biharamulo.

Mji wa Biharamulo ni mdogo na umetulia. Kuna boma la Wajerumani, kuta nene nyeupe, lililojengwa mwanzoni mwa karne iliyopita, na ukisimama pale unaelewa kwa nini walilipenda eneo lile: unaona mbali. Watoto walipapenda kwa dakika kumi. Sokoni tulinunua nanasi mbili, mkungu mdogo wa ndizi za kisukari, karanga na chupa ya asali ya kienyeji, nyeusi, yenye harufu ya moshi. Asali nilinunua kwa ajili ya chai ya mama mkwe. Kumbuka hilo.

Usiku wa kwanza wa kambi ulikuwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Kama hujaisikia usijilaumu, ni hifadhi changa: ilitangazwa 2019 kwa kuunganisha mapori ya akiba matatu, Biharamulo, Burigi na Kimisi, ukubwa wake kilomita za mraba 4,707. Haina misururu ya magari kama Serengeti. Ziwa Burigi limelala katikati ya vilima, viboko wanaguna, na kwa masaa mazima unaweza kudhani nchi nzima ni yenu wanne. Ushauri wa bure: usivae bluu wala nyeusi, mbung'o wanazipenda rangi hizo, na wanauma juu ya suruali ya jinzi kama hujavaa kitu. Mimi nilikuwa na fulana mpya ya bluu. Bomba kweli kwenye picha.

Askari wa hifadhi alituonyesha mahali pa kuwasha moto, hapo na si pengine, akatuambia chakula kisilale ndani ya hema hata punje, maana harufu tamu inaita wageni. Tulikuwa tumekuja na kuni na mkaa wetu. Moto ukawaka. Na hapo mambo yakaanza kwenda kombo.

Chokoleti ilikuwa imeyeyukia kwenye begi, ikashikana na chaja ya simu. Peremende za pamba, msomaji, si za moto wa haraka. Mdogo alichomeka yake katikati ya ndimi za moto, ikawaka kama kibatari, akaipungia hewani, na tone likamdondokea dada yake kwenye kiatu. Kilio. Mimi nikapiga kelele, si kwa hasira, kwa woga, lakini mtoto atajuaje tofauti? Nikajaribu ndizi: nikaimenya, nikaifunga kwenye karatasi ya aluminiamu na vipande vya chokoleti vilivyobaki, nikaitupa motoni. Ilitoka imeungua nje, baridi katikati, imepondeka kama uji. Nikampa yeye ya kwanza, kwa heshima, kama mgeni rasmi.

Akaitazama. "Samahani, nimeshiba." Akaingia hemani.

Baba watoto alinishika bega, akasema, "Mpe muda." Ndugu zangu wake wenye watoto wa wenzenu, mnaijua sentensi hiyo. Ni ya kweli, na inaudhi.

Siku mbili tulizunguka hifadhini, tukaona pundamilia, nyati, na viboko mpaka tukachoka nao. Jioni ya pili sikutengeneza kitu kitamu. Tulikula wali na maharage, tukalala.

Kutoka Lusahunga mpaka Rusumo ni kilomita 90 na kitu, barabara ya malori yanayokwenda Rwanda na Burundi. Baba watoto, ambaye kwa kawaida hasemi akiwa anaendesha, alianza kutaja vituo kimoja kimoja. Rusumo tulisimama. Mto Ruvubu unakutana na Kagera juu kidogo ya hapo, halafu maji yote yanabanwa kwenye mwamba na kuanguka, ya kahawia, yenye povu. Siku hizi kuna mtambo wa umeme wa megawati 80 unaogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Ni mpakani, kwa hiyo omba ruhusa kabla hujatoa kamera. Yeye hakutaka picha. Alisimama anaangalia daraja muda mrefu, kisha akasema twendeni, mama anasubiri.

Nyumbani kwao ni kijijini, si mbali na Benaco. Mama mkwe alitupokea kwa vigelegele, akamkumbatia binti mkubwa mpaka miguu ikaacha ardhi. Watoto hawakutaka kulala ndani, walishazoea hema. Tukalisimamisha uani, pembeni ya migomba. Jioni baridi ikashuka, mama mkwe akawasha moto wa kuni tatu tu, akafukia viazi vitamu kwenye majivu ya moto. Mimi nikatoa karatasi yangu ya aluminiamu. Nilibakiwa na ndizi, na nina ubishi.

Akaitazama ile karatasi. "Mama, hiyo inaliwa?"

"Hailiwi mama, ni ya kufungia."

"Na ile?" Akanyoosha kidole kwenye migomba.

Basi nikakaa chini, nikawa mwanafunzi. Akamtuma mjukuu wake mkubwa akate jani. Jani la mgomba likiwa bichi linapasuka, kwa hiyo unalibabua kwanza: unalipitisha juu ya moto polepole mpaka ling'ae na kulegea. Binti aliligeuza jani lile kwa makini, ulimi nje, kama anapiga pasi sare ya shule. Mdogo alipewa kazi ya kumenya karanga zilizokaangwa, nusu zikaingia mdomoni. Kosa langu la hifadhini nililiona mwenyewe: ndizi haimenywi. Unaiacha na ganda lake, unaipasua upande mmoja kwa urefu bila kufika chini, unaifungua kidogo kama ala ya kisu, unaweka karanga zilizotwangwa kijiko kimoja na asali kijiko kimoja. Ndiyo, ile asali ya chai ya mama mkwe. Mwenyewe ndiye aliyeifungua. Unaifunga kwenye jani, unafunga kwa kamba ya mgomba.

La pili: si moto, ni makaa. Subiri ndimi ziishe, makaa yavae majivu meupe, ndipo uweke. Dakika nane mpaka kumi, unageuza mara moja. Ganda likiwa jeusi na asali inatokota pembeni, toa, acha ipoe, maana asali ya moto inaunguza kuliko uji na watoto hawana subira. Tulikuwa na ndoo ya maji karibu, na mama mkwe alichora mstari ardhini kwa kijiti: mwenye miaka 5 havuki. Hakuvuka. Mimi ningehutubia nusu saa. (Na kama mna mtoto ambaye hajafikisha mwaka, asali asipewe kabisa, hata ya kulamba.)

Nanasi lilikuwa rahisi zaidi: vipande vinene, sukari kidogo, juu ya wavu wa waya dakika tatu kila upande mpaka pembe ziwe kahawia. Viazi vya majivuni vilichukua karibu saa nzima, ukivipasua vinatoa utamu wake vyenyewe, huongezi kitu.

Tulikuwa tunasubiri viazi hivyo baba watoto alipoanza kusema, hakuna aliyemuuliza. Aprili 1994 alikuwa na miaka 9. Kwa siku moja, kati ya tarehe 28 na 29, watu wapatao 250,000 walivuka daraja lile la Rusumo kutoka Rwanda. Benaco, ambayo leo ni vibanda vya chipsi na malori yaliyoegeshwa, ikawa moja ya kambi kubwa kabisa za wakimbizi duniani. Mimi hayo niliyasoma chuoni. Sikujua kwamba mwanaume ninayelala naye kitanda kimoja aliyaona, na kwamba alikuwa akiiba viazi kwenye majivu ya mama yake kumpelekea mtoto mmoja wa rika lake, kando ya barabara.

"Nilikuwa najua kwamba unaiba," mama mkwe akasema. "Nilikuwa nafukia vingi."

Lugha zao zinakaribiana, Kihangaza cha nyumbani na Kinyarwanda cha yule mtoto, wangeweza kuongea. Lakini hawakuongea sana. Walikula, wakarusha mawe kwenye kopo, jioni kila mtu akarudi kwao. Ilikuwa hivyo wiki kadhaa. Siku moja hakuja. Desemba 1996 Wanyarwanda wakarudishwa kwao, kambi ikabaki nyasi, na yeye hajui hata kama yule mtoto alikuwa bado yupo wakati huo.

Binti alikuwa amekumbatia magoti. "Alikuwa anaitwa nani?"

"Sijui. Sikumuuliza."

"Sasa ulikuwa unamwitaje?"

"Nilikuwa simwiti," baba yake akasema. "Tulikuwa tunakula tu."

Moto ulipasuka kidogo. Mdogo alishalala mapajani kwa bibi yake, asali mpaka kwenye nyusi. Nilikuwa na mengi ya kusema, mimi ambaye kazi yangu ni maneno, na kwa mara ya kwanza tangu Januari nikanyamaza.

Zilibaki ndizi mbili kwenye makaa. Binti akachukua kijiti, akaivuta moja, akaigeuzageuza majanini mpaka ikapoa, akafungua kamba. Akaionja kwa ncha ya kidole kuhakikisha haiunguzi. Kisha akanyoosha mkono upande wangu, bila samahani.

"Hii yako," akasema. "Ina karanga nyingi."