AMELALA SI ALILALA

Wengi wetu hapa Salama tukisikia "past tense" tunakumbuka ile orodha ya vitenzi tuliyokariri tangu shule ya msingi: go, went, gone, teach, taught, taught. Mimi nilikuwa hodari wa orodha hiyo. Hata sikuwa mtu wa kusema "did you went", maana nilijua kwamba "did" ikishabeba wakati, kitenzi hurudi umbo lake la kwanza: "did you go?" Kumbe kukariri ni kitu kimoja na kueleweka ni kingine!

Mwaka jana mwezi wa Agosti, nyanya yangu, ambaye sisi Wakamba tunamwita Susu, alishikwa na nimonia. Baba anafanya kazi Mombasa, na bosi wake hatoi ruhusa bila maelezo ya Kiingereza. Basi Mama akanipa simu akisema, "Wewe ndiwe msomi. Andika kwamba Susu amelala hospitali tangu Jumatatu, hajiwezi." Nikawaza: amelala ni jambo lililopita, "sleep" hugeuka "slept". Nikaandika kwa maringo, "Grandmother slept in hospital on Monday. She was very sick."

Bosi akasoma alichoandikiwa. Alilala Jumatatu, alikuwa mgonjwa, yaani yamekwisha. Baba alijaribu kueleza kwa mdomo, akaonyeshwa maandishi yangu. Akaambiwa angoje mwisho wa mwezi.

Siku tisa Susu aliniuliza, "Mwanangu amekuja?" Nami siku tisa nikamjibu, "Hajaja." Siku ya kumi aliruhusiwa kurudi nyumbani, lakini hakuuliza tena. Baba alipofika, Susu alimsalimia kama mtu asalimiavyo mgeni.

Shule zilipofunguliwa nilimwonyesha mwalimu wa Kiingereza sentensi zangu. Hakunicheka. Alinieleza kwamba -li- yetu ndiyo iliyo karibu na past tense, kwa sababu jambo limepita na mlango umefungwa. Lakini -me- mara nyingi huleta hali mpaka sasa. "Amechoka" ni "she is tired". "Amelala hospitali tangu Jumatatu" ni "she has been in hospital since Monday", maana bado yuko kitandani. Isitoshe, Kikamba chetu hutenga la leo, la jana na la zamani. Kwa hiyo tunaingia darasani na nyakati tele kichwani, na hakuna unaolingana sawasawa na wa Kiingereza.

Ndugu mwanafunzi, kabla hujakimbilia ile orodha, jiulize kwanza: jambo hili limekwisha, au lingali lipo? Wahenga walinena kwamba majuto ni mjukuu. Safari hii, mjukuu mwenyewe ndiye mimi.