Kuna Nini Leo?

Kwenye ukuta wa hoteli ya Shosho, pale Makongeni mjini Thika, kuna orodha ya vyakula iliyopakwa rangi na fundi ambaye hakuna amkumbukaye. Pilau, matoke, samaki wa kukaanga, supu ya kichwa. Bei zimebandikwa karatasi, na juu ya karatasi karatasi nyingine. Samaki sijawahi kumwona katika hoteli ile hata siku moja. Wateja wanalijua hilo, kwa hivyo wakishaketi hawatazami ukutani. Wanamtazama mhudumu na kumuuliza, "Kuna nini leo?"

Swali hilo nililijibu kwa miaka minne kabla sijajua lolote kuhusu kompyuta. Nilikuwa mhudumu kwenye nyama choma za Kamakis, kule Ruiru. Mteja akiuliza kama kuna mbuzi, huwezi kujibu kwa kukumbuka. Unaenda kwa mchomaji, unatazama makaa, unarudi na jibu. Jibu la saa moja halifai saa mbili. Nayasema haya mapema kwa sababu shida yangu yote ilitokana na kusahau jambo nililokuwa nikilifanya kila jioni nikiwa na trei mkononi.

Kisa cha kwanza cha korona kilitangazwa nchini tarehe 13 Machi 2020. Tarehe 27 kafyu ikaanza, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Kamakis huamka saa moja jioni. Bosi alituita, akatugawia nyama iliyobaki kwenye friji, akatuambia tutapigiwa simu. Simu haikulia. Kufikia Juni, chumba changu cha Kimbo kilikuwa na kufuli mbili mlangoni, yangu na ya keateka. Niliuza televisheni, nikauza jiko la gesi, nikahamia kwa dada yangu na mtoto wangu wa miaka miwili mgongoni.

Kwa dada nilimkuta binamu yetu, mwanafunzi wa chuo kikuu kule Juja, ambaye vyuo vilipofungwa alirudi na kipakatalishi chake chenye kibodi iliyong'oka herufi mbili. Yeye ndiye aliyenionyesha jinsi programu ya simu inavyoandikwa. Nilianza kwa sababu usingizi ulikuwa umekataa. Watu wa kazi hii hapa kwetu huita maandishi yale kodi, basi nikawa ninawaza kodi ya nyumba usiku na kuandika kodi ya simu mchana, na hakuna hata moja iliyokuwa ikinilipa. Kipakatalishi kilikuwa na kumbukumbu ya gigabaiti 4 tu. Ukiamuru programu ijengwe, unasonga ugali, unaepua, unampa mtoto, unaosha sufuria, ndipo Android Studio inakuambia umesahau alama fulani mstari wa 40. Simu ya kuigiza ndani ya kompyuta hatukuithubutu. Nilijaribia kazi yangu kwenye simu yangu yenye kioo kilichopasuka, kwa kebo ambayo ilibidi ishikwe kwa kidole gumba ndipo ipitishe.

Mwaka 2022 mamangu akanipeleka kwa Shosho. Wako chama kimoja. Shosho alitaka kuachana na vijikaratasi vya oda, maana vilikuwa vinaanguka kwenye mchuzi. Nikamjengea programu ya simu moja itakayokaa kaunta, wahudumu wote na meneja waitumie, kila mtu na namba yake ya siri.

Hapo ndipo menyu inapoingia, na hapa nitachelewa kidogo. Wengi wetu tulijifunza kusoma menyu ya simu kwenye M-Pesa, iliyoanza mwaka 2007: tuma pesa, toa pesa, nunua muda wa maongezi. Menyu ile ilikaa ndani ya laini, na ilikuwa ile ile kwa tajiri na kwa maskini. Ya Shosho haikuweza kuwa hivyo. Mhudumu akibonyeza zile nukta tatu za pembeni juu, aone "Oda mpya" na "Oda zangu" basi. Meneja aone hayo, pamoja na "Badilisha bei" na "Futa oda". Niliandika kwamba menyu inapotengenezwa, simu iulize kwanza ni nani aliyeingia. Nikaijaribu mara kumi nyumbani, ikakubali mara kumi. Shosho akanilipa nusu, nikalipa karo ya chekechea.

Wiki ya tano akanipigia usiku. "Msichana wangu, kesho njoo mapema."

Shosho hajui kompyuta lakini anajua unga. Pakiti ya kilo mbili humpa chapati 22, na mpishi akitoa 20 anaulizwa. Alikuwa na daftari la vistari vya kalamu, kila pakiti kistari, na kando yake pesa zilizoonyeshwa na simu. Unga ulikuwa umeliwa, pesa hazikuwepo. Kwa hesabu yake, 31,000 hivi. Hakupiga kelele. Alifunga daftari akasema, "Aliyetengeneza mlango ndiye mwenye ufunguo."

Sikuwa na jibu. Nilijua sikuiba, lakini pia nilijua oda hazijifuti zenyewe. Mamangu aliacha kwenda chama miezi miwili kwa aibu, na hilo liliniuma kuliko deni. Tukakubaliana nilipe kwa kazi: nihudumu asubuhi hadi saa nane, na nusu ya mshahara ibaki kwake. Kila siku saa kumi na moja alfajiri nikawa kwenye matatu ya kutoka Ruiru, nikipita Juja gizani na kuwaza kwamba nimezunguka dunia nzima ili nirudi kubeba trei.

Ilikuwa wiki ya tatu ya kubeba trei. Meneja alikuwa ameishika simu akibadilisha bei ya kamande. Akaitwa nje kupokea kuni, akatoka kwenye akaunti yake, akaniachia. Nikaingiza namba yangu. Mteja alitaka kuongeza chai, nikabonyeza nukta tatu ili nifike kwenye oda zangu, na pale chini, kwenye akaunti ya mhudumu wa asubuhi, nikaona maneno mawili: "Futa oda." Chai ilipoa.

Kosa lilikuwa hili. Sehemu iitwayo onCreateOptionsMenu hufanya kazi mara moja, ukurasa unapofunguliwa. Swali langu la "wewe ni nani" nililiweka humo. Nyumbani nilikuwa nikifunga programu na kuifungua upya kila nilipojaribu, basi kila mara swali liliulizwa. Kaunta hakuna anayefunga programu. Meneja akitoka na mhudumu akaingia, ukurasa ni ule ule na menyu ni ile ya meneja. Mahali pa swali ni onPrepareOptionsMenu, na mtu akibadilika ni lazima uite invalidateOptionsMenu, ambayo maana yake ni kuiambia simu kwamba menyu uliyo nayo imekufa, tengeneza nyingine. Tangu Android 3.0 ya mwaka 2011, menyu yenye vitu kwenye upau wa juu huhesabiwa kuwa iko wazi muda wote. Mambo yakigeuka na mwandishi akinyamaza, simu nayo itanyamaza. Mistari mitatu. Nimewahi kuosha masufuria makubwa kuliko hayo.

Aliyekuwa akifuta oda namjua. Alikuwa ameshaacha kazi, naye alikuwa na kufuli mlangoni kama mimi. Sikumtaja, ingawa hadi leo sina hakika kama nilifanya vyema.

Nilimwonyesha Shosho. Alinifanya nirudie mara tatu: meneja anatoka, mhudumu anaingia, nukta tatu. Kisha akasema, "Kwa hiyo mlango ulikuwa wazi, na ni wewe uliyeuacha." Deni likabaki. Nilikasirika siku mbili, ya tatu nikaona amesema kweli. Nilimaliza kulilipa, shilingi kwa shilingi, na katika miezi hiyo nikaijenga programu upya nikiwa na aproni. Kuficha kitufe nikaona hakutoshi, kwa sababu anayejua njia anaweza kutuma amri bila kitufe. Sasa seva nayo humuuliza kila mtu yeye ni nani, kila mara, na oda iliyofutwa haipotei: inapigwa mstari, na jina na saa vinabaki.

Orodha ya vyakula pia ikahama. Mpishi akifikia chini ya sufuria anabonyeza, na chakula kinatoka kwenye simu. Intaneti ikikatika, simu inaonyesha orodha ya mwisho iliyoipata, na juu yake saa iliyoipata. Hiyo saa niling'ang'ania iandikwe kwa herufi kubwa. Shosho aliniuliza ya nini, nikamwonyesha samaki wa ukutani.

Usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, stima ilipotea karibu nchi nzima. Nilikuwa nimepita tu kumsalimia Shosho. Wenye maduka jirani walikuwa wakifunga, lakini ndani kulikuwa na madereva wa matatu wanne wakingoja chakula. Simu ya kaunta ilionyesha matumbo, ugali na chapati, hali ya saa tatu na nusu. Ilikuwa saa nne na robo. Dereva mmoja akaniuliza kwenye giza kuna nini.

Nikawasha tochi, nikaenda jikoni kufunua masufuria.