Kasumbalesa: Tumbako ni laini kinywani, kifuani hapana

Hapa Kasumbalesa, karibu kilometa 90 kutoka Lubumbashi kwenye barabara ya taifa namba 1, makamyo ya shaba yanapanga foleni kuelekea Zambia. Dereva anaweza kulala hapa siku kadhaa akisubiri makaratasi. Siku hizo za kungoja ndizo zinazomlisha mama mmoja mwenye sinia la tumbako kando ya barabara.

Mama huyo ni mkimbizi wa ndani. Alitoka upande wa Mitwaba mwaka 2013, wakati wa mapigano ya Mai-Mai Bakata Katanga, katika eneo ambalo watu waliliita pembetatu ya kifo: Manono, Mitwaba na Pweto. Hakubeba mali. Alibeba ujuzi wa marehemu mama yake: kukausha tumbako na kuikunja, jani juu ya jani, mpaka inakuwa sigara nene isiyo na karatasi.

Jioni moja alifika dereva Mtanzania, safari yake ya Dar es Salaam kupitia Kapiri Mposhi, Nakonde na Tunduma.

— Shikamoo mama. Nataka ile laini, isiyokwaruza koo. Nipe kumi za njiani.

— Jambo papa. Laini iko.

Mama akaanza kuchagua. Majani ya chini ya mmea ni mepesi. Ya juu ndiyo makali, maana yana nikotini nyingi zaidi. Tena majani yakikauka polepole kivulini, kisha yakafungwa pamoja na kuachwa yachachuke kwa joto lao wenyewe, ule ukali wa moshi unapungua. Ndiyo siri yote ya tumbako laini.

Dereva alinusa, akafurahi. Akasema ameacha sigara za pakiti kwa sababu ya dawa zinazotiwa humo. Hii ya shamba, tena laini, haitamdhuru.

Mama angeweza kunyamaza na kupokea franka zake. Lakini mume wake alivuta tumbako hiyo hiyo ya majani ya chini, na miaka yake ya mwisho aliimaliza kwa kukohoa hapa ugenini.

— Iyi iko laini mu kinywa tu, papa. Mu kifua hapana.

Mama hajasoma sheria, lakini neno lake linapatana nayo. Mkataba wa Shirika la Afya Duniani kuhusu tumbako, ulioanza kutumika mwaka 2005, unazitaka nchi zizuie maneno ya kupotosha kwenye pakiti, na kati ya mifano yake yamo "nyepesi" na "laini". Hakuna tumbako iliyo salama. Hata mtu asiyemeza moshi wa sigara nene anapokea nikotini kupitia kinywa, na saratani ya mdomo na ya koo inaweza kumpata. Sinia la mama halina pakiti wala onyo lililoandikwa. Onyo lake ni kinywa chake.

Kuna neno pia kwa familia zilizohama ambazo watoto wao wanasaidia kazi hii. Mama haruhusu mjukuu wake aguse majani mabichi yaliyolowa. Nikotini inapita kwenye ngozi, na mtoto anapata kizunguzungu, kichwa kinauma, anatapika. Mzazi anaweza kudhani ni malaria. Mtoto aondolewe kwenye majani, abadilishwe nguo, aoshwe kwa maji na sabuni, apelekwe kituo cha afya, na muuguzi aambiwe kwamba aligusa tumbako.

Dereva alinunua tatu badala ya kumi.

— Asante kwa kuniambia ukweli, mama.

Unga wa jioni ile ulikuwa kidogo. Asubuhi mama alirudi palepale na sinia lake. Upande mmoja alipanga tumbako, upande wa pili karanga.