Mchuzi wa Nyanya na Jirani Yetu wa Diff



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumswalia Mtume wake Muhammad (s.a.w.), wiki hii twaomba ruhusa ya wasomaji wetu, hasa akina mama, tuingie jikoni mwao. Si ada yetu. Katika miaka thelathini ya ndoa tuliijua njia ya msikitini hata gizani, lakini hatukujua chumvi ya nyumba yetu huwekwa wapi. Tulilojifunza tumejifunza kwa kulazimika.

Huu ni mwaka wetu wa tatu tukisomesha madrasa hapa Diff, katika Kaunti ya Wajir, mpakani na Somalia. Sisi ni watu wa pwani, tumekulia wali wa nazi na samaki. Hapa ni nchi kavu ya ngamia na mbuzi. Wiki ya kwanza tulipofika, jirani yetu, bibi mtu mzima ambaye mtaa wote humwita Eddo, yaani shangazi kwa Kisomali, alituletea sinia ya baasto, juu yake suugo, na ndizi mbivu kandoni. Tulikuwa na wageni barazani. Tukaitazama ile sinia, na mjukuu wake aliyeileta bado amesimama, tukasema: "Kwetu pwani hiki si chakula. Hiki ni cha Mtaliana." Wageni wakacheka. Mtoto akarudi kwao na maneno yale.

Eddo hakutujibu. Salamu hakukata, lakini sinia haikuja tena.

Mwaka huu binti yetu alijifungua Mombasa, na mama yake akaenda kumtazama mpaka arobaini yake. Tukabaki na vijana wawili. Siku nne tulikula chai na mkate, asubuhi, mchana na usiku. Siku ya tano yule mdogo, mwenye miaka kumi, akasema, "Baba, kwa nini tusipike baasto kama ya Eddo?" Tukamwuliza ameijulia wapi. Akainamisha kichwa. "Hunipa kila nikitoka shule."

Kumbe miaka yote ile mwanamke tuliyemvunjia heshima alikuwa akimlisha mwanetu, na sisi hatuna habari! Tukaikumbuka hadithi ya Abu Hurayra (r.a.), iliyomo katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) hakupata kukitia ila chakula: akikipenda alikula, asipokipenda alikiacha. Hadithi hiyo tumeisomesha mara nyingi. Siku ilipotakiwa itusaidie, tulikuwa tumeisahau.

Tukamtuma kijana kwa Eddo aombe radhi kwa niaba yetu, na aombe tufunzwe kupika. Alasiri akaja na mjukuu wake, akaketi juu ya kibao nje ya mlango wa jiko, akawa anatuelekeza kutoka pale.

Mchuzi wenyewe ni mwepesi. Chukua nyanya zilizoiva vizuri, kilo moja. Hapa huja kwa gari kutoka mbali, na barabara ikiharibiwa na mvua sisi hutumia za kopo, wala si aibu. Zitie katika maji yanayochemka kwa dakika moja, uzimenye ngozi, uziponde kwa mkono. Tia sufuriani vijiko vitatu vya mafuta, ya zeituni yakipatikana, juu ya moto mdogo. Kisha tia punje tatu za kitunguu thomu zilizokatwakatwa.

Hapo ndipo tuliposhindwa. Moto ulikuwa mkali, na thomu ikawa nyeusi kabla hatujaigeukia nyanya.

"Maalim, hiyo imeungua," akasema Eddo.

Tukataka kuifunika kwa nyanya haraka haraka.

"Usifunike. Uchungu utabaki mle mle. Mwaga, uanze upya."

Pengine alikuwa akisema juu ya thomu tu, nasi tukasikia zaidi ya hapo. Radhi yetu tulikuwa tumemtuma mtoto, ilhali matusi tuliyatamka kwa kinywa chetu. Tukamwaga, tukaweka mwiko chini, tukasema mbele ya mjukuu yule yule: "Eddo, tulikukosea. Tulikidharau chakula chako mbele ya watu. Tusamehe."

Akakaa kimya kidogo. "Nyanya ameiumba Mungu, Maalim, si Mtaliana. Nimesamehe. Sasa punguza makaa."

Mara ya pili thomu ilitoa harufu bila kubadilika rangi. Tukatia nyanya na chumvi, tukaacha sufuria bila kifuniko, tukikoroga mara kwa mara kwa muda wa nusu saa, mpaka mchuzi ukawa mzito na mafuta yakajitenga juu. Nyanya zikiwa kali, sukari kidogo huzituliza. Mtaliana humaliza kwa majani machache ya rihani, ile ile jamii ya rihani ambayo akina mama wa pwani huipanga pamoja na asmini. Eddo yeye hutia hawashi: bizari ya pilau, giligilani, pilipili manga, iliki na mdalasini. Tambi huchemshwa mbali katika maji mengi yenye chumvi, na upawa mmoja wa maji hayo huongezwa katika mchuzi ili ushikamane nazo.

Na neno tulilolisema kwa kejeli lina historia ambayo hatukuitafuta siku ile. Zamani mpaka wa makoloni ulikuwa Mto Juba. Mwaka 1925 Waingereza waliwakabidhi Wataliana nchi ya Jubaland, na mpaka ukasogea magharibi hadi ulipo leo. Kwa hiyo baasto ni neno lao pasta, na suugo ni sugo. Lakini Wataliana nao nyanya si yao ya asili. Ilitoka Amerika, ikavuka bahari. Na mwaka 1154 mwanajiografia Mwislamu Al-Idrisi, aliyekuwa katika kisiwa cha Sicily, aliandika kwamba huko Trabia zilitengenezwa tambi nyingi, zikapelekwa nchi za Waislamu na za Wakristo. Tambi! Nasi tumekua tukizila kwa sukari na iliki, kisha tukamcheka jirani kwa kuzila na nyanya.

La kuangaliwa ni moja. Baadhi ya michuzi ya Kitaliana hutiwa divai au nyama ya nguruwe. Divai haiwi halali kwa kuchemshwa. Basi mkinunua mchuzi wa chupa, someni maandishi yake. Huu wa nyumbani hauna shaka.

Enyi akina baba, Bibi Aisha (r.a.) aliulizwa Mtume (s.a.w.) akifanya nini nyumbani, akajibu kuwa alikuwa katika kuwahudumia watu wake, na wakati wa swala ukifika alitoka kuswali. Tusingoje mama awe safarini ndipo tuifuate sunna hii. Mama watoto amesharudi, na siku ya Ijumaa sasa jiko ni letu. Amesema mchuzi ni mzuri, ila sufuria hatuzioshi vizuri.

Mtume (s.a.w.) alimuusia Abu Dharr (r.a.) akipika mchuzi aongeze maji yake, awakumbuke majirani. Basi bakuli la kwanza tulimpelekea Eddo, na sisi wenyewe ndio tuliolibeba mpaka mlangoni kwake. Kesho yake mjukuu alilirudisha, na ndani yake mlikuwa na ndizi nne.

Mwenyezi Mungu azihifadhi ndimi zetu, na awalipe kheri wote wanaowalisha watoto wa wenzao. Aamin.

Wabillahi tawfiq.