Kuwafuata Wazee wa Airport

Mimi ni afisa wa kliniki, lakini wadi nzima ya Airport huniita daktari na nimeacha kubisha. Madaktari wa familia waliosomea fani hiyo ni haba. Chuo Kikuu cha Moi kilianza kuwafunza mwaka 2005, na huku Changamwe, Mombasa, kazi yao huwa yetu.

Nilipoanza, wagonjwa wangu hawakuwa wazee. Palikuwa mahali pa wanaume wa bandari, reli na kiwanda cha mafuta, na mtu akistaafu alifunga virago akarudi bara. Kisha nikaanza kuwaona wasiorudi. Shamba limegawanywa na ndugu, ama mke hataki tena kuishi mbali na Mombasa. Kiwanda kiliacha kusafisha mafuta mwaka 2013. Wafanyakazi wake bado wapo, kwenye vyumba vya kupanga Magongo na Migadini, na presha zao.

Jioni nikifunga kliniki niliwafuata. Ndege ikishuka, kwenye stethoskopu husikii kitu. Unangoja ipite, na mzee anaendelea na hadithi ya mgomo wa gatini.

Kliniki, mgonjwa atakwambia anameza dawa. Nyumbani utaiona pakiti ya mwezi uliopita juu ya kabati, imejaa. Bibi mmoja nilimuuliza kwa nini. “Mwanangu, hii yako yanikimbiza choo usiku, na choo kiko nje, kizani.” Alishaanguka mara moja asimwambie mtu. Nikaihamishia dawa ile asubuhi, presha ikashuka. Kwenye faili lake hakuna mahali pa kuandika choo kiko wapi.

Ziara hizo zilipungua polepole. Fomu za bima nilizojaza hazikuwa na nafasi ya mwendo wa daktari. Foleni ya kliniki nayo ilirefuka, na tuktuk zilipozidi watoto waliona rahisi kumleta mzee. Mwaka 2020 korona ikamaliza yaliyobaki: nilikuwa nikisimama nje ya dirisha, au napiga simu, na mzee asiyesikia vizuri ananijibu swali ambalo sikuuliza.

Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao laki moja nchi nzima, kila mmoja na mkoba wenye kipimo cha presha na cha sukari, kwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu ya serikali kuu, nusu ya kaunti. Wenzangu kadhaa walicheka. Mimi naona vipimo vyao vinasema kweli kuliko vyangu, maana mzee hashtuki akiguswa na jirani anayemjua tangu akiwa msichana. Siku hizi wengi wanaokwenda nyumbani si madaktari, na sioni la kulalamikia hapo.

Ila mhudumu hana ruhusa ya kubadilisha dawa. Kuna waliopooza, waliokatwa mguu kwa sukari, wasioweza kufikishwa hata hospitali ya Port Reitz bila kubebwa na watu wanne. Hao tunawaendea pamoja, mimi na mhudumu: yeye anajua nani ndani ya nyumba anashika dawa na nani anashika pesa, mimi naandika. Nauli ya tuktuk bado yatoka mfukoni mwangu.