Nasaba ya Mnyama: Mazungumzo ya Njiani Baina ya Bukoba na Muleba

Atokaye Bukoba kwenda Muleba huliacha Ziwa Victoria mkono wa kushoto, akapita Kemondo na Muhutwe, huku migomba na mibuni ikimfuata pande zote mbili. Baina ya vibanja hivyo hutokea rweya, yaani mbuga ya majani ambako Wahaya huchunga ng'ombe tangu zamani. Kibanja na rweya vyategemeana: ng'ombe hula majani ya rweya, na samadi yake huirutubisha migomba.

Katika rweya moja tuliona ng'ombe wa Ankole wakipanda kilima. Pembe zao ni ndefu na miguu ni mirefu. Huenda mwendo wa mbali kutafuta maji wala hawaonyeshi uchovu. Kijana mmoja tuliyesafiri naye alitazama mwendo ule, akatuuliza: "Wazee wangu, nimeona picha za farasi wa Ulaya wakiruka viunzi vinavyopita kimo cha mtu. Je, uwezo ule hutoka katika damu au katika mafunzo?"

Swali hili ni jema, ingawa farasi si mnyama wa nchi hii. Mbung'o na visubi wa Afrika hueneza maradhi yanayomuua upesi, na kwa hiyo ng'ombe ndiye aliyepata heshima hapa. Lakini watu wetu wa Pwani walimjua farasi vema. Mwaka 1840 Sayyid Said bin Sultan alipopeleka jahazi lake Sultanah hadi New York, miongoni mwa zawadi zake kwa Rais wa Marekani walikuwamo farasi wawili wa Kiarabu.

Waarabu wa jangwani walihifadhi nasaba za farasi wao kwa vizazi vingi, na koo mashuhuri, kama Kuhailan na Saqlawi, walizihesabu kwa upande wa mama. Wafugaji wa Holstein, kaskazini mwa Ujerumani, nao huzipa koo za majike namba na kuziandika daftarini. Hata hivyo hawakudharau dume. Farasi Cor de la Bryère, aliyezaliwa Ufaransa mwaka 1968, alipelekwa kwao, akawarithisha watoto wake mgongo mwepesi kupindika na miguu ya mbele inayokunjwa vizuri juu ya kiunzi.

Basi damu ina kazi yake. Humpa mnyama umbo la bega, nguvu ya miguu ya nyuma na mpangilio wa hatua zake. Mwaka 2012 wataalamu wa Uswidi walieleza kwamba badiliko katika jeni moja tu, iitwayo DMRT3, laweza kubadili mwendo wa farasi. Lakini kuruka hakutokani na jeni moja. Jeni nyingi hushirikiana, na uchunguzi wa Ulaya umeonyesha kuwa urithi wa kuruka ni wa kiasi tu. Yanayobaki hutokana na chakula, afya, umri wa kuanzishwa kazi, na mkono wa amfundishaye. Wenye kusema "Mwana wa nyoka ni nyoka" wamesema nusu ya neno, nusu ya pili ni hii, "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo."

Jambo hili halikuhusu matajiri wa Ulaya peke yao. Katika Bukoba na Muleba familia nyingi huweka tumaini lao katika ng'ombe mmoja. Mtu hutoa akiba ya kahawa ya miaka kadhaa akanunua mtamba kwa kuwa muuzaji amesema ana damu ya Kifrisia. Je, ameuliza mama yake alitoa maziwa kiasi gani? Amemjua baba yake? Au fahali yule yule wa kijiji amewapanda binti zake mwenyewe, uzao ukadhoofika? Na damu ya maziwa mengi bila majani ya kutosha na dawa ya kupe haileti ila hasara, maana ndigana kali haitazami nasaba. Kadhalika, tukimchanganya kila ng'ombe wa Ankole pasipo mpango, tutapoteza ustahimilivu ambao wazee walitumia karne nyingi kuuchagua. Daftari la senti chache, lenye jina la mama, la baba na tarehe ya kuzaliwa, laweza kumwokoa mfugaji.

Lakini yatupasa tuweke mpaka. Hukumu ya ng'ombe na farasi isihamishiwe kwa wanadamu. Hapa Buhaya palikuwa na nyarubanja, ambapo walio karibu na enzi walimiliki ardhi, na wengine wakailima kama watwana wao, mpaka sheria ilipouondoa utaratibu huo katika miaka ya 1960. Dini yetu imetufundisha kwamba watu wote ni wana wa Adamu, na aliye bora ni mwenye kumcha Mungu zaidi. Kijana asijivunie ukoo wake, wala asikate tamaa kwa ajili yake. Mnyama huchaguliwa mzazi na mfugaji. Mwanadamu amepewa akili achague mwendo wake mwenyewe.