Oili kwanza, starta baadaye

Haya, leo tuache kidogo mambo ya seva na hifadhidata, tuingie chumba cha injini. Nimeulizwa mara kadhaa kile kisanduku nilichokifunga kwenye boti ya ami yangu kinafanya kazi gani hasa. Nimekuwa nikijibu kwa mkato kwa sababu sehemu ya hadithi yake inaniaibisha. Wacha niieleze yote.

Ami ana boti ya mbao kule Shimoni, ya kuwapeleka wageni Wasini na Kisite. Injini yake ni ya dizeli, silinda sita, imekaa ndani ya boti. (Wenye injini zile za kubandikwa nyuma, zinazochanganyiwa oili ndani ya petroli, haya hayawahusu sana.) Kazi yenyewe inafuata bahari. Kusi likikaza, bahari inachafuka, wageni wanapungua, na boti inaweza kukaa wiki tatu au nne bila kuwashwa. Siku ya kuwashwa, wageni wamekwisha kaa na makoti ya kuokolea, basi ni starta, moshi, haya twende!

Mwaka 2021 injini ikaanza kugonga kwa ndani, na presha ya oili ikawa inashuka kila injini inapopata moto. Fundi akaing'oa na kuifungua. Nilikuwa nyumbani likizo, akaniita nione beringi za krenkishafti. Usidhani ni beringi za gololi kama za baiskeli. Hizi ni vipande vya chuma vyembamba, mfano wa bomba lililopasuliwa katikati kwa urefu, na shafti inakaa baina ya nusu mbili. Uso wake huwa wa kijivu, ni tabaka jembamba la madini laini, na chini yake kuna tabaka lenye shaba. Katika zile nusu za chini kijivu kilikuwa kimekwisha. Shaba tupu ilikuwa inang'aa.

Fundi akasema, "Hizi hazikuliwa safarini. Zimeliwa hapa hapa bandarini."

Sikumwelewa. Nikarudi Nairobi nikasoma mpaka nikamwelewa.

Injini inapozunguka vizuri, shafti haigusi beringi kabisa. Inaelea juu ya utando wa oili. Nafasi baina ya vyuma viwili ni sehemu chache tu za mia za milimita, unywele wa kichwa ungeijaza, lakini maadamu oili ipo na shafti inazunguka, chuma hakikutani na chuma. Sasa tazama kasoro ya mpango huu: pampu ya oili inaendeshwa na krenkishafti hiyo hiyo. Mleta oili hawezi kuanza kazi mpaka yule anayehitaji oili azunguke kwanza bila oili. Injini iliyozimwa jana ina bahati, kuna oili iliyobaki imeng'ang'ania kwenye beringi. Iliyokaa mwezi mzima, sehemu kubwa imeshateremka chini kwenye bakuli, na mifereji imebaki na hewa. Ukipiga starta, zile sekunde za mwanzo kabla pampu haijajaza filta na mifereji, shafti inasaga beringi huku silinda zinaipiga kwa nguvu zote. Kama kuna turbo, nayo inangoja oili hiyo hiyo.

Sisi waandishi wa programu tunaijua sana shida hii. Unafungua huduma kwa watu kabla hifadhidata haijasimama, na maombi ya kwanza yote yanaanguka.

Kutia oili kabla ya kuwasha si uvumbuzi mpya hata kidogo. Dizeli nyingi za zamani za melini zilikuwa na pampu ya mkono kando ya injini, unapampu mpaka mshale wa presha unyanyuke ndipo unawasha. Injini kubwa za leo zina pampu ya umeme ya kufanya hivyo. Ni sisi wenye injini ndogo tulioachwa tupige starta tu. Maandishi mengi niliyoyasoma yanalia na baridi ya Ulaya, oili kuwa nzito asubuhi. Shimoni oili haina baridi ya kuifanya nzito. Kinachotuua sisi ni kukaa.

Kuna njia ya bure ambayo mafundi wengi hutumia: vuta mkono wa kuzimia ili dizeli isifike silindani, kisha zungusha kwa starta mpaka presha ionekane. Inasaidia, kwa kuwa silinda hazipigi. Lakini kwenye boti, tahadhari! Kama maji ya bahari ndiyo yanayopoza bomba la moshi, pampu ya maji nayo inazunguka wakati huo, na hakuna moshi wa kuyasukuma nje. Yakijaa hurudi nyuma mpaka ndani ya silinda, na hapo umeua injini kwa kujaribu kuiokoa. Funga vali ya maji ya bahari kwanza, zungusha kidogo kidogo, na usisahau kuifungua kabla ya kuwasha.

Sisi tuliweka pampu ndogo ya umeme ya volti 12. Inavuta oili kutoka kwenye bakuli na kuisukuma kwenye mfereji mkuu kupitia vali ya njia moja, ili injini ikishawaka oili isirudi nyuma. Kazi ya mabomba ilikuwa ya fundi. Kazi ya ubongo ikawa yangu: bodi ya Arduino, rilei mbili, taa ya kijani. Unageuza ufunguo, pampu inafanya kazi sekunde 30, taa ya kijani inawaka, na hapo tu ndipo swichi ya starta inapata umeme.

Sekunde 30. Umeliona kosa? Mimi sikuliona. Tulijaribu mara kumi bandarini, na kila mara mshale wa presha ulinyanyuka kabla ya sekunde 20. Nikajipongeza, nikapanda matatu kurudi Nairobi.

Mwaka 2023, baada ya kusi, Ami alinipigia simu. "Baba, hebu niambie. Taa yako inawaka kijani, lakini mshale umelala. Mpaka injini iwake ndiyo unanyanyuka." Bomba la kuvutia oili lilikuwa limelegea kwenye kiungo. Pampu ilikuwa inavuta hewa, inanguruma vizuri tu, na programu yangu ilikuwa inahesabu mpaka 30 na kusema tayari. Haikuwa imepima kitu chochote. Tulipofungua tena, beringi mbili zilikuwa na michirizi mipya. Shafti ilisalimika. Bili nililipa mimi, na Ami hakusema neno, jambo lililoniuma zaidi kuliko bili.

Toleo la pili halina saa ila kama kikomo: presha isipofika kwa dakika moja, pampu inazima na taa nyekundu inawaka. Kihisi cha presha nimekifunga mwisho kabisa wa mfereji, mbali na pampu, maana oili ikifika huko imeshapita kwingine kote. Kihisi chenyewe ni cha aina inayotoa volti 0.5 presha ikiwa sifuri na volti 4.5 ikiwa bar 10. Starta inafunguliwa kwenye volti 0.7, yaani bar 0.5. Uzuri wake ni kwamba waya ukikatika napata volti sifuri, na hiyo si sawa na presha sifuri. Laiti ningekuwa mwangalifu hivyo kwenye programu zangu za ofisini.

Nilipomaliza kumweleza, Ami akauliza swali moja. "Nikiwa karibu na mwamba, injini imezima, mawimbi yananisukuma, wageni kumi ndani. Nitaiomba kompyuta yako ruhusa?"

Nikaanza kubishana, eti ni sekunde chache tu. Akaningoja nimalize. Alikuwa na haki. Beringi hununuliwa. Sasa kuna swichi chini ya kifuniko chekundu, inayopeleka umeme kwenye starta moja kwa moja bila kupita kwenye bodi wala programu. Nilitaka programu ndiyo iitambue swichi hiyo, fundi akakataa katakata, na nashukuru. Starta ilipovuta betri siku ya majaribio, volti zilianguka na bodi yangu ikajizima ikaanza upya. Ingekuwa ndiyo mlinda mlango wa dharura, mlango ungefungwa.

Mchoro wa waya nitauweka hapa nikishausafisha. Chumvi imeanza kula soketi ya kihisi, kwa hiyo mwisho wa mwezi nashuka Shimoni na soketi mpya na grisi.